Risasi Chemba au Chemba Tupu? Historia ya Kufuli Lililohamahama

Wiki hii nilikuwa nimeahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, lakini naomba mniwie radhi, kuna swali limenikaa kichwani na haliniachi nifanye kazi.

Jirani yangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Alivamiwa mara mbili akirudi nyumbani na mauzo ya jioni, na baada ya mara ya pili akaomba kibali cha kumiliki bastola. Akahojiwa, akasubiri, mwishowe akapata. Jumapili moja alinikuta nikiosha gari, akaniambia kwa sauti ya chini: "Fundi, wewe ni mtu wa mitambo. Hii kitu niibebe ikiwa imekokiwa, ama niibebe chemba tupu?"

Nikamwambia mimi fundi wa kompyuta, si wa bunduki. Akacheka. Akasema shemeji yake, aliyewahi kuwa askari, anaapa kwamba bastola ambayo haijakokiwa ni jiwe tu. Mwalimu aliyemfundisha kulenga shabaha naye anaapa kwamba mwenye watoto nyumbani akiweka risasi chemba amekosa akili. Na jirani yangu ana binti wa miaka minne.

Katika kazi yangu nimejifunza jambo moja. Watu wawili wenye uzoefu wakitoa majibu yanayopingana kabisa, mara nyingi kila mmoja anazungumzia mashine tofauti. Nikaamua kufuatilia historia, na niliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza, tuelewane kuhusu maneno

Chemba ni kile chumba kidogo nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikingoja kupigwa. Katika bastola ya magazini, risasi zimepangwa ndani ya mpini. Kukoki ni kuvuta slaidi ya juu nyuma na kuiachia, nayo ikirudi husukuma risasi moja hadi chemba. Kuanzia hapo kinachobaki ni kidole kimoja juu ya kifyatulio. Kama hujakoki, bastola hailii hata ukibonyeza mpaka kesho, ila siku ya hatari utahitaji mikono miwili na muda kidogo.

Risasi yenyewe ina fataki kwenye kitako. Pini ikiigonga fataki, baruti inawaka. Kwa hiyo historia yote ninayoisimulia ni historia ya swali moja: ni nini kinachoizuia pini isiguse fataki kabla mwenyewe hajataka?

1873: Tano badala ya sita

Mwaka 1873 kampuni ya Colt ilitoa rivolva iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote za Marekani, Single Action Army. Silinda yake ina matundu sita. Lakini pini ilikuwa imeunganishwa na nyundo yenyewe, na nyundo ikilala, pini inakaa moja kwa moja juu ya fataki. Bastola ikianguka ikatua kwa nyundo, inalia.

Watengenezaji walilijua tatizo hilo. Waliweka pengo dogo la usalama ambalo liliishika nyundo mbali kidogo na fataki. Kwenye karatasi lilikuwa kufuli. Katika maisha lilikuwa kijino chembamba cha chuma ambacho pigo moja zuri lingeweza kukivunja. Ninyi mnaoandika programu mnaijua hali hii: kitu kimeandikwa kwenye mwongozo kwamba kipo, lakini siku ya siku hakipo.

Januari 1876, mjini Wichita, Kansas, polisi mmoja aitwaye Wyatt Earp, ambaye baadaye alikuja kuwa mtu wa hadithi na sinema, alikuwa ameketi kwenye baa. Bastola yake ilichomoka kwenye ala, nyundo ikagonga kiti, risasi ikatoka na kupita kwenye koti lake. Hakufa mtu. Gazeti la mji liliandika habari hiyo.

Dawa ilikuwa desturi: weka risasi tano tu, na nyundo ilale juu ya tundu tupu. Yaani mtu alinunua mashine ya risasi sita akatumia tano, kwa sababu kufuli la chuma halikuaminika. Kufuli likahamia kwenye mazoea ya mtu. Hiyo nayo ilikuwa "chemba tupu", na wala haikutokana na uoga. Ilikuwa njia ya kuzunguka kasoro ya mtambo.

Chuma kinajifunza

Mazoea yana ubaya wake: mtu husahau. Kwa hiyo mafundi wakaanza kulirudisha kufuli ndani ya chuma.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Iver Johnson ilitangaza rivolva zake kwa kuwaambia wateja waigonge nyundo ya bastola kwa nyundo ya seremala. Ndani kulikuwa na kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini pale tu kifyatulio kinapovutwa. Usipovuta, nyundo haina njia ya kuifikia pini. Nadhani ni ubunifu mzuri sana. Hauombi mtu akumbuke chochote. Hali ya kawaida ni salama, na hatari huja kwa tendo moja tu la makusudi. Sisi tungesema chaguo-msingi ni "hapana".

Wengine walichelewa kufika hapo, na gharama ililipwa kwa damu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Smith & Wesson walitengeneza rivolva za modeli ya Victory kwa wingi sana. Tayari zilikuwa na kizuizi cha nyundo. Mwaka 1944 moja ilianguka kwenye sitaha ya chuma ya meli ya kivita, ikalia, baharia akafa. Kabla mwaka haujaisha kampuni ikawa imebadilisha kizuizi kile. Ruger nao waliuza rivolva za mtindo wa kale tangu miaka ya 1950, na mwaka 1973 ndipo walipoziwekea kipande kama kile cha Iver Johnson. Baadaye wakajitolea kuzirekebisha za zamani bila malipo. Tangu hapo, mwenye rivolva ya kisasa hana sababu ya kuacha tundu tupu, kwa maana kasoro iliyoizaa desturi ile imeondoka.

Lakini desturi haifi kasoro inapokufa. Hapo ndipo mabishano huanza.

1911: Farasi na mkono mmoja

Bastola ya magazini ilileta swali upya. John Browning alipokuwa akiisanifu ile ambayo jeshi la Marekani liliipitisha mwaka 1911, askari wapanda farasi walikuwa na shida ya kweli. Mkono mmoja umeshika hatamu, mwingine bastola. Farasi akishtuka, askari ataitulizaje bastola iliyokwisha kokiwa? Hatimaye ikawekewa kifungio cha kidole gumba, juu ya kile kingine kilichokuwa nyuma ya mpini ambacho huachia pale tu unapoishika sawasawa. Nyundo inabaki nyuma, risasi iko chemba, kifungio kimepandishwa.

Sasa tazama jeshi lenyewe liliwafundisha nini askari wake miaka ile. Kama hutarajii kuitumia bastola karibuni, ibebe magazini ikiwa imejaa, chemba tupu, nyundo imelala. Kama unatarajia kuitumia, ikoki na uifunge. Halikusema moja ni ujasiri na nyingine ni uoga. Lilisema inategemea saa na mahali. Baada ya kusoma hayo, shemeji na mwalimu walianza kuonekana kwangu kama watu walioshika nusu nusu ya ukurasa mmoja.

Shanghai

Mtu aliyelitetea zaidi wazo la chemba tupu hakuwa mwoga hata kidogo. William Fairbairn, Mwingereza, alifundisha polisi wa Shanghai katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, mji uliokuwa na ujambazi wa silaha wa kutisha. Yeye na mwenzake Eric Sykes waliandika mafunzo yao kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1942.

Polisi wao walibeba bastola za Colt za magazini. Fairbairn aliamuru vifungio vya usalama vizibwe kwa pini ili visifanye kazi kabisa. Ndiyo, alivizima! Badala yake kila askari alibeba chemba tupu, na kukoki kukawa sehemu ya kuchomoa: mkono mmoja unatoa, mwingine unavuta slaidi, kwa tendo moja lililorudiwa mpaka likaingia mwilini.

Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyeshikwa na hofu hakumbuki kama kifungio kiko juu au chini. Kitu chenye hali mbili zisizoonekana kwa urahisi kitakusaliti wakati mbaya. Afadhali hali moja, inayojulikana, kila siku, kwa kila askari.

Njia kama hiyo inajulikana leo kama ya Waisraeli. Dola lile lilipozaliwa mwaka 1948, wapiganaji wake walikuwa na bastola za kila aina, kila moja na kifungio chake mahali pake. Chemba tupu ni mafunzo yanayofaa bastola yoyote ya magazini bila kujali nani aliitengeneza. Ukiwa na mashine kumi tofauti, unaandika utaratibu unaofaa zote, hata kama si bora kwa hata moja.

Lakini msisahau bei yake. Njia ya Fairbairn inataka mikono miwili. Askari aliyezoezwa hupoteza sehemu ndogo tu ya sekunde. Mwenye duka aliyekamatwa mkono wa kushoto na jambazi, au aliyembeba mtoto, hupoteza zaidi ya hapo. Shemeji hakuwa anasema upuuzi.

Ceska

Msomaji wa magazeti ya Kenya analijua jina la Ceska. CZ 75, iliyosanifiwa na ndugu wawili wa ukoo wa Koucký kule Chekoslovakia mwaka 1975, ni mfano mzuri wa mtambo unaokupa njia nyingi. Unaweza kuibeba nyundo ikiwa nyuma na kifungio kimepandishwa, kama ile ya 1911. Unaweza kuibeba risasi iko chemba na nyundo imelala, na mvuto wa kwanza wa kifyatulio ukawa mrefu na mzito. Au chemba tupu.

Tatizo ni kuifikia hiyo hali ya pili. Katika modeli ya mwanzo, ili ulaze nyundo juu ya risasi hai, ulipaswa kuishika kwa kidole gumba, kuvuta kifyatulio na kuishusha polepole. Kidole kikiteleza, imelia. Walther wa Ujerumani walikuwa wamelitatua hilo tangu mwaka 1929 kwa modeli ya PP: wenzo unaoishusha nyundo bila hatari, na kijiti kidogo kinachochungulia nyuma kukuonyesha kama kuna risasi chemba. Ceska zenye wenzo wa namna hiyo zilikuja baadaye, na si kila Ceska unao. Kwa hiyo hata ukisema "Ceska", bado hujaniambia ni mashine gani.

1982: Kufuli linaingia kwenye kifyatulio

Kisha akaja Gaston Glock. Mwaka 1982 jeshi la Austria lilipitisha bastola yake, Glock 17. Haina kifungio cha kidole gumba wala nyundo ya nje. Ina makufuli matatu ndani, na yote hufunguka kwa tendo moja: kubonyeza kifyatulio katikati, pale penye ulimi mdogo. Iangushe, haikusudiwi kulia, kwa sababu pini imezibwa njia mpaka kifyatulio kivutwe.

Ni lile wazo la Iver Johnson lililofikishwa mwisho wake. Mtambo huu ulisanifiwa ubebwe risasi ikiwa chemba, na polisi wengi duniani huubeba hivyo. Mvuto wake wa kawaida ni kama kilo 2.5. Polisi wa New York walipohama kutoka rivolva kwenda bastola za milimita 9 mwaka 1993, waliona hizo hazitoshi, wakataka kifyatulio cha takriban kilo 5.4.

Kwa nini waliogopa? Kwa sababu Glock ilimaliza tatizo la kuanguka, ikaliacha tatizo la kifyatulio. Chuma hakiwezi kujua kama kinachobonyeza ni kidole cha mwenyewe, kamba ya jaketi, au kidole cha mtoto. Kufuli likahama tena. Sasa limo ndani ya ala, ule mfuko mgumu unaofunika kifyatulio kisiguswe.

Novemba 2008 mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, Plaxico Burress, aliingia klabu ya usiku mjini New York na Glock kiunoni, ndani ya suruali ya michezo, bila ala. Ikateleza, akaidaka, akajipiga risasi pajani. Mtambo ulifanya kazi yake sawasawa: kifyatulio kilivutwa, ikalia. Yeye alifungwa mwaka uliofuata kwa kosa la silaha.

Desemba 2014, kwenye duka kubwa mjini Hayden, Idaho, mtoto wa miaka miwili alifungua mfuko wa mkoba wa mama yake ulioshonwa mahususi kwa bastola. Mama akafa papo hapo. Niliisoma habari hiyo usiku nikafunga kompyuta. Kidole cha mtoto wa miaka miwili kinaweza kuvuta kifyatulio. Kuivuta slaidi yenye springi ngumu ni jambo jingine kabisa.

Na tusidhani chuma kimemaliza kujifunza. Mwaka 2017, mwaka uleule jeshi la Marekani lilipochagua bastola iliyotokana na P320 ya SIG Sauer, majaribio ya watu binafsi yalionyesha kwamba P320 za raia zikianguka kwa pembe fulani zililia. Sababu mojawapo ilikuwa uzito wa kifyatulio chenyewe: bastola ikisimama ghafla, kifyatulio kiliendelea kwenda. Agosti mwaka huo kampuni ikatangaza kuzifanyia marekebisho, yakiwemo kifyatulio chepesi zaidi. Wyatt Earp angeielewa habari hiyo bila mkalimani, na ilikuwa imepita miaka 141.

Nilichokijua kwa gharama yangu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya kazi kwa mteja mmoja. Nilikuwa na madirisha mawili yaliyofanana kwenye skrini, moja la seva ya majaribio na moja la seva hai. Nikaandika amri ya kufuta kwenye dirisha lisilo lake. Siku mbili sikulala nikirejesha data za watu. Tangu siku hiyo skripti zangu zote hukataa kufuta mpaka uandike jina zima la hifadhidata. Hiyo ndiyo chemba tupu yangu: hatua moja ya ziada, ya makusudi, inayochosha.

Ilinisaidia. Lakini baada ya miezi nikajikuta nikiandika lile jina bila hata kulisoma, vidole vyenyewe tu. Kufuli linalokaa kwenye mazoea huliwa na mazoea. Ndivyo ilivyo na chemba tupu pia. Mwenye kuamini kwamba yake ni tupu siku zote, siku moja ataisahau iliyokokiwa, na atavuta kifyatulio akiwa na uhakika. Hatari ya mtu wa risasi chemba ni kuguswa kwa bahati mbaya. Hatari ya mtu wa chemba tupu ni imani.

Jibu langu kwa jirani

Nilirudi kwake Jumapili iliyofuata. Nikamuuliza maswali manne. Ni modeli gani hasa? Kufuli lake liko wapi: kwenye chuma, kwenye ala, au kichwani mwako? Unafanya mazoezi mara ngapi? Na ikifika nyumbani inalala wapi?

Bastola ilikuwa Ceska isiyo na wenzo wa kushushia nyundo. Ala ilikuwa kipande laini cha kitambaa alichonunua mtaani. Mazoezi, mara mbili tangu apewe kibali. Na nyumbani ilikuwa inalala juu ya kabati.

"Mzee wangu," nikamwambia, "kwa majibu hayo, chemba tupu. Shemeji yako anasema kweli kuhusu sekunde zile, na siku moja unaweza kuzihitaji. Lakini kila jioni utakuwa unarudi kwa mtoto wa miaka minne, na kila kufuli ulilo nalo sasa ni bovu isipokuwa hilo moja."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Na nikibadilisha majibu?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Nikamwambia akipata ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, kasha la chuma lililofungwa ukutani, na mazoezi ya kila mwezi, basi arudi kwa mwalimu wake wakaliamue upya, maana atakuwa mtu mwingine mwenye mtambo mwingine. Mpaka hapo, chemba tupu. Na kila akiishika, aichungulie chemba kwa macho yake, hata kama ameichungulia dakika moja iliyopita.

Kasha la chuma alilinunua Jumatatu. Nilimsaidia kulifunga ukutani, nikavunja kichomeo kimoja cha drili. Ala ngumu bado anaitafuta.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, ahadi. Tutaanza na nakala za akiba, na sasa mnajua kwa nini.